Wasifu uliosomwa mara mbili: kisa cha injinia, askari wa zamani na fundi wa visima

## Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka mingi watu wa mtaa wetu wamenigongea mlango usiku wakisema, "Mwalimu, mzee ametutoka, tuandikie cha kusoma kesho." Nimeandika wasifu wa marehemu wengi kuliko barua zangu mwenyewe. Ninachokieleza hapa ni kisa kimoja, na nimekichagua kwa sababu tulikosea hadharani, kaburi likiwa bado bichi, kisha tukapata nafasi ya kurudia. Nafasi hiyo ni adimu. Familia imeniruhusu kukieleza. Majina, mtaa na vijiji nimeviacha, na mambo machache ambayo yangemfichua mtu nimeyabadilisha. Marehemu nitamwita Mzee.

Mtaa wenyewe uko Busoga nchini Uganda, mashariki ya Nile, katika mji uliokua kando ya kambi ya zamani ya jeshi. Wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni) bado tunao: Wanubi, Walugbara, Waacholi, pamoja na Wasoga wenye mji wao. Nyumbani kila mtu ana lugha yake. Barazani, sokoni na msikitini ni Kiswahili. Nje ya mitaa kama yetu, Waganda wengi wa rika langu walikijua Kiswahili kama lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mwenye bunduki. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo lile halikukifanya kipendwe. Leo Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu za watu hazirekebishwi na bunge. Nayataja haya mapema kwa sababu lugha ndiyo iliyotutia matatani kabla ya kitu kingine chochote.

## Mzee alikuwa nani

Alizaliwa 1948 huko West Nile, baba yake akiwa askari wa KAR, akakulia huku kwetu kambini. Alikuwa mtoto wa kufungua redio na kuirudisha ikiwa imebaki skrubu moja mkononi. Akaenda Chuo cha Ufundi cha Kyambogo, hiki ambacho baadaye kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, akapata stashahada ya ufundi wa mitambo. Akiwa mwanafunzi alipelekwa Jinja kwa miezi kadhaa kujifunza kazi katika bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale.

Mwaka 1971, miezi michache baada ya mapinduzi ya Januari yaliyomweka Idi Amin madarakani, akaingia jeshini. Kazi yake ilikuwa karakana: jenereta, magari, pampu za maji za kambi. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliompinga Amin, alikimbia na mke wake na mtoto mchanga, wakapitia Koboko hadi Sudan. Huko alitengeneza vinu vya kusaga nafaka. Alirudi baada ya 1986, na katika miaka ya 1990 akapata kazi katika RUWASA, mradi wa maji vijijini uliofadhiliwa na Denmark katika wilaya za mashariki. Alianza kama kibarua wa kubeba mabomba, akaishia fundi.

Mradi ulipokwisha, wenzake walirudi mashambani. Yeye alinunua baiskeli, akafunga sanduku la spana nyuma, akaendelea kutembelea visima vilevile kwa miaka karibu ishirini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuteka maji kijijini, kisima chetu cha bomba la mkono, ambacho Waganda wanakiita nayikonto, kwa kawaida ni cha aina ya U2. Ni bomba la India Mark II lililofanyiwa marekebisho kidogo na kukubaliwa kuwa la taifa. Juu kuna mpini na mnyororo. Chini ya ardhi kuna mabomba ya chuma ya mita tatu tatu yaliyounganishwa, na ndani yake zinapita fito za chuma zinazovuta pistoni iliyo ndani ya silinda. Mnyororo ukikosa grisi unakatika. Mpira wa pistoni ukilika, mtu atapampu hadi mkono ufe ganzi na maji yasitoke. Na ili kuubadilisha mpira huo wa bei ya soda chache, lazima uvute mabomba yote juu, moja moja, watu wanne au watano wakishikilia. Bomba likiteleza likaangukia kisimani, kisima kimekufa. Hapo ndipo watu walipomhitaji Mzee.

## Usiku wa kwanza

Alifariki siku ya Jumanne baada ya swala ya Isha. Kwa desturi ya Waislamu maziko yakapangwa kesho yake saa kumi alasiri. Tangazo likapelekwa redioni asubuhi na mapema. Kijana wake mkubwa alikuwa Kampala. Saa nane usiku akatuma wasifu kwa WhatsApp, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza. Kaka wa marehemu akanipigia: "Mwalimu, uangalie kidogo."

Niliuangalia kidogo kweli. Nikarekebisha mikato, nikaurudisha, nikalala. Nilijiambia kuwa huo ni wasifu wa familia, mimi ni nani niuguse. Sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu, ni kwamba nilikuwa nimechoka. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na matatizo mengi ya kesho yake yanaanzia hapo. Hatukuutafsiri. Tulikubaliana kwamba mwongoza shughuli, kijana mwenye ulimi mwepesi ambaye pia huongoza harusi, atausoma na kuugeuza kwa Kiswahili palepale.

Jambo jingine la usiku ule lilikwenda vizuri zaidi. Askari wa zamani wa mtaa, wazee sita hivi, walitaka Mzee azikwe kijeshi: bendera ya taifa juu ya jeneza na tarumbeta. Sheikh akasema sanda inatosha. Mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la mtaa, akaongeza kuwa bendera juu ya maiti ni heshima inayotolewa na serikali, mtu hajitwalii. Ilikaribia kuwa ugomvi. Aliyetutoa pale ni mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, aliyesema: "Basi sisi tupange mstari." Kesho yake walipanga mstari, kutoka lango la nyumba hadi msikitini, mikono ubavuni, wengine na fimbo zao za kutembelea. Jeneza lilipita katikati yao kimya. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ambalo hakuna aliyelilalamikia.

## Makaburini

Mazishi ya Uganda yana hotuba nyingi. Hata ya Waislamu, ambayo yangepaswa kuwa mafupi, yanapata mwenyekiti, diwani, na mtu anayetaka kuwa diwani. Wasifu ulisomwa baada ya hao, jua likiwa kali na watu wakiwa wamechoka.

Kijana wa Kampala alikuwa ameandika kwamba baba yake alifanya kazi katika bwawa la Owen Falls. Mwongoza shughuli akasema: "Huyu mzee ndiye mmoja wa waliojenga bwawa la Jinja!" Malkia Elizabeth alilifungua bwawa lile mwaka 1954. Mzee alikuwa na miaka sita. Wazee wakatazamana, mmoja akacheka kwa pua.

Kijana aliandika pia kifupisho cha Injinia mbele ya jina, na redio ilikuwa imeshakitangaza. Palikuwa na mhandisi wa wilaya aliyekuja kuzika. Uganda ina Sheria ya Usajili wa Wahandisi tangu 1969, na cheo hicho si cha kila mwenye spana. Mtu husajiliwa na bodi. Yule bwana alikuwa na adabu, hakusema kitu pale. Alinivuta pembeni baadaye: "Mwalimu, mimi nilimheshimu kuliko wahandisi wengi ninaofanya nao kazi. Kwa nini mmempa kitu ambacho hakukihitaji?"

Ikafuata sehemu ya jeshi. Kwa Kiingereza ilikuwa sentensi moja ya kawaida, kwamba alitumikia kwa heshima. Kwa Kiswahili ikatoka hivi: "Alikuwa shujaa wa jeshi letu kuanzia 1971 hadi 1979!" Na sauti ikapandishwa, kama kwenye harusi.

Upande wa akina mama, jirani yake Mzee wa nyumba ya tatu, Mkristo, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, alisimama, akajifunga leso vizuri, akaondoka. Hakusema neno. Baba yake alichukuliwa na watu wenye gari mwaka 1977, mwaka uleule aliouawa Askofu Mkuu Janani Luwum, na hakuonekana tena. Mtaa mzima unajua. Sisi tuliokuwa tumeushika ule ukurasa usiku tulikuwa tunajua.

Mwisho ikasomwa kwamba Mzee alitengeneza visima "bure kabisa kwa miaka ishirini." Mwenyekiti wa kamati ya maji wa kijiji kimoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutosha: "Bure? Kwetu alikuwa anachukua pesa."

Kwa dakika kumi tulikuwa tumemfanya mtu mkweli aonekane mwongo, na maneno yote yalikuwa yetu.

## Siku arobaini

Kaka wa marehemu alikuja kwangu siku ya tatu. Hakunilaumu. Alisema dua ya arobaini inakuja, na familia ingependa wasifu usomwe tena, sahihi. Nilikubali kwa masharti matatu: uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, kila sentensi iwe na mtu au karatasi nyuma yake, na kijana wa Kampala akubali kukatwa maneno. Hilo la tatu lilichukua simu nne.

Karatasi zilikuwa chache. Cheti cha Kyambogo kilikuwepo, kimekunjwa hadi kinakatika kwenye mikunjo. Picha za sare hazikuwepo hata moja. 1979 familia nyingi za askari zilichoma picha kabla ya kukimbia, kwa kuwa picha ingeweza kukuua njiani. Mjukuu alikuwa na video ya dakika kumi na moja kwenye simu. Nilifurahi sana kuisikia, hadi nilipoitazama: Mzee anaeleza jinsi ya kupaka grisi mnyororo. Dakika zote kumi na moja. Basi.

Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiwauliza wanaume, barazani, msikitini, kwenye kahawa, ndipo mke wangu akaniuliza kama nimemuuliza mjane. Sikuwa nimemuuliza. Yuko eda, nikamjibu. Miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wa nje, nitamuulizaje? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mimi si mwanamume," akasema. Akajitanda, akaenda.

Alirudi jioni na madaftari matatu makubwa yaliyofungwa kwa kamba ya baiskeli. Yalikuwa chini ya kitanda, pamoja na boksi la mipira ya pistoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mjane kitu chochote, isipokuwa sahani ziko wapi.

## Daftari

Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, kijiji, ubaya, kilichobadilishwa, nani alisaidia kuvuta, pesa. Mwandiko wa chuo, Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na majina ya vipuri. "Mnyororo umekatika. Grisi hakuna. Nimewaambia tena." "Fito ya sita imepinda. Vijana wamevuta kwa nguvu." "Mtoto ametia mawe." Katika visima vitatu vya bondeni, mwaka baada ya mwaka, maneno yalikuwa yaleyale: "Maji mekundu. Chai inakuwa nyeusi. Bomba limetoboka."

Safu ya pesa ndiyo iliyotujibu lile swali la "bure." Kijijini alichukua bei ya kipuri, na mara nyingi aliandika "bado," na mbele yake hakuna kitu kilichoandikwa tena. Kazi ya mikono hakuilipisha. Lakini shule moja ya binafsi na kituo cha mafuta vilimlipa kamili, na chini ya malipo hayo kulikuwa na mshale mdogo unaoonyesha pesa imekwenda wapi: mipira kumi na miwili, beringi nne, mnyororo. Alikuwa akiwatoza wenye nacho ili kuwa na vipuri vya wasio nacho. Yule mwenyekiti aliyenong'ona alikuwa sahihi, kwao alichukua pesa. Nilimwonyesha ukurasa. Kijiji chake kilikuwa na "bado" kumi na moja.

Tuliandika hivyo hivyo katika wasifu wa pili, bila neno "bure." Nilidhani familia itaona tumempunguza. Kaka yake aliposoma alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa ndiye."

Kuhusu cheo, uamuzi ulikuwa mwepesi zaidi. Tuliandika kwamba alikuwa na stashahada ya ufundi wa mitambo kutoka Kyambogo, na kwamba watu walimwita Injinia. Sentensi zote mbili ni kweli. Bwawa tukaliandika lilivyokuwa: alijifunza kazi pale, katika jumba lililokuwa na mitambo kumi ya kuzalisha umeme, kila mmoja wa megawati 15, na mzee mwenzake alikumbuka kwamba Mzee alipenda kusema pampu ya kijiji na mtambo wa bwawa vina ugonjwa mmoja, beringi.

## Miaka minane

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko pengine pote.

Wiki mbili baada ya maziko nilikwenda na mke wangu kwa yule jirani wa nyumba ya tatu. Alitupikia chai. Hatukuwa na maneno ya kuanzia, akaanza mwenyewe: "Mwalimu, sijasema ni yeye. Kisima cha pale chini yeye ndiye aliyekitengeneza, na maji yake nimekunywa. Lakini mkimwita shujaa kwa miaka ile, baba yangu mtamwita nani?"

Nilirudi kwa askari wa zamani na swali hilo. Mmoja alikasirika, akasema nataka kumfanya ndugu yao mhalifu. Mwingine, aliyekaa naye karakana, alieleza kwa utulivu: Mzee alikuwa mtu wa jenereta, cheo cha mwisho sajini; mapema 1979 alipelekwa upande wa Masaka na gari la mafundi; baada ya hapo kila mtu alishika njia yake. Akaongeza kuwa Mzee hakupenda kuzungumza habari za miaka ile, hata nao.

Kijana wa Kampala alipendekeza sentensi: "Jeshini alikuwa fundi tu."

Tulibishana juu ya neno "tu" kwa jioni mbili. Kwake lilikuwa neno la kumkinga baba yake, na nilimwelewa. Mtu hataki watoto wake wasikie baba yao anatajwa pamoja na miaka ile bila ngao yoyote. Mimi niliona kwamba "tu" ni kiapo. Ukisema "fundi tu" unaapa kwamba hakuona, hakusikia, hakubeba, hakutengeneza gari ambalo kesho yake lilikwenda kumchukua mtu. Nani kati yetu anaweza kuapa hivyo? Shahidi wetu mmoja alikuwa rafiki yake. Kwa upande mwingine, kuifuta miaka minane kabisa, kama wengine walivyoshauri, kungewafanya watu wajaze wenyewe, na watu hujaza vibaya.

Tulichokubaliana kikasomeka hivi:

"Kuanzia 1971 hadi Aprili 1979 alikuwa askari katika jeshi la Uganda, katika karakana, cheo chake cha mwisho kilikuwa sajini. Ni miaka ambayo raia wengi waliuawa au walipotea mikononi mwa watu wa serikali, na wengine walikuwa jirani zetu. Mzee hakupenda kuizungumzia. Waliofanya naye kazi wanasema kazi yake ilikuwa jenereta na pampu."

"Shujaa" haimo. "Tu" haimo. "Wanasema" tuliiacha makusudi, ili ijulikane maneno ni ya nani.

Yule askari aliyekasirika alitaka sentensi ya pili iondolewe. Nilimwambia ikiondoka hiyo, mimi pia naondoka. Sijui kama ilikuwa haki yangu kusema hivyo katika msiba wa watu wengine. Nilisema.

## Matokeo

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na wali, mjukuu wa kike alisoma kwa dakika saba. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Mhandisi wa wilaya aliomba nakala. Askari aliyekasirika alikuja, akakaa nyuma, akala, akaenda. Jirani wa nyumba ya tatu hakuja. Nilimpelekea nakala, aliipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua mbele yangu, na hadi leo hajanieleza kitu.

Madaftari yalipata safari yao. Ofisa wa maji wa gombolola aliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Mhandisi alipoona vile visima vitatu vya bondeni alitambua ugonjwa mara moja: maji yenye asidi hula zinki iliyopakwa juu ya bomba la chuma, kisha hula chuma chenyewe, ndiyo maana maji yanakuwa mekundu na chai nyeusi. Kubadilisha bomba la chuma kwa jingine la aina ileile ni kumwaga pesa kisimani. Kisima kimoja kimeshawekewa mabomba yasiyoshika kutu. Viwili bado vinasubiri.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote ni kuutenganisha mkutano wa maziko na kazi ya kumbukumbu. Usiku wa kwanza watu wana msiba, simu zinalia, mchele haujanunuliwa. Huo si muda wa kupima mwaka na cheo. Tangu kisa hiki, ninapogongewa mlango naandika mistari sita tu: jina, wazazi, mahali pa kuzaliwa, kazi, watoto, siku ya kufa. Mengine nawaambia yatakuja arobaini. Wengi hukubali, na baadhi yao hawarudi tena, kwa hiyo wasifu wenyewe haupatikani kamwe. Hiyo ni hasara ya njia hii, na sijapata dawa yake.

Pia ilifaa kuandika katika lugha itakayosomwa. Kosa la bwawa na la ushujaa hayakuwa ya kijana wa Kampala hata kidogo. Karatasi yake ilikuwa sahihi kuliko tulivyomsingizia mwanzoni. Yalizaliwa hewani, kati ya karatasi na kipaza sauti, kwa mtu anayejua kuchangamsha watu na ambaye hakupewa nafasi ya kuisoma kabla.

Kuna jambo moja hatukuliweka kwenye wasifu, na nadhani tulifanya sawa, ila kwenye uchambuzi lazima lisemwe. Mzee aliviharibu vijiji kidogo. Mpango wa visima hivi ni kwamba kila kijiji kiwe na kamati ya maji, kila nyumba itoe ada ndogo, kamati inunue vipuri na kumlipa fundi. Mahali alipofika na baiskeli yake na mpira mfukoni, kamati zilikufa, maana kwa nini uchangie wakati Mzee yupo? Miezi mitatu baada ya kifo chake visima vitano kati ya alivyokuwa akivitembelea vilikuwa vimesimama, na hakuna kijiji kilichokuwa na hata shilingi elfu hamsini sandukuni. Alilijua hilo. Ile "Nimewaambia tena" imo kwenye madaftari mara nyingi mno. Aliwafundisha vijana wawili kazi, wazuri, lakini wana familia za kulisha, na hawawezi kuishi kwa "bado."

Sauti yake hatunayo, isipokuwa ile ya grisi. Alikuwa jirani yangu kwa zaidi ya miaka ishirini na nilikuwa na simu inayorekodi.

Na kosa kubwa la mwisho ni la wasifu wa pili, ule tuliojivunia. Arobaini ilisomwa uani, vipaza sauti vikiwa vimeelekezwa barabarani, na mjane akiwa chumbani alisikia nusunusu. Eda ilipokwisha alimwita mke wangu, akaomba asomewe taratibu, na mimi nikakaribishwa kukaa sebuleni. Alisikiliza yote. Kwenye 1979 tulikuwa tumeandika kwamba Mzee alivuka mpaka kwa miguu "akiwa amebeba sanduku lake la spana," sentensi tuliyoipata kwa kaka yake, na tuliyoipenda sote.

"Hapana," akasema mama. "Yeye alibeba mtoto. Sanduku nililibeba mimi."

Nikatoa kalamu. Nakala zilikuwa zimekwishagawiwa zaidi ya sitini. Hadi sasa nimerekebisha kumi na tisa.